Gari Litalala Wapi?

Hotuba kwa wenye magari ya umeme na wanaokusudia kuyanunua, Nairobi, majuma machache kabla ya likizo ya Desemba

Mabibi na mabwana, hamjambo. Wazee wetu mlioketi hapo mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya safari ndefu, na kwa nini nimeombwa sasa, sote tunajua. Desemba iko mlangoni. Hivi karibuni mji huu utamwagika: wengine watashuka Mombasa, wengine watavuka Bonde la Ufa kwenda Kisumu, Kakamega na Eldoret, na waliobaki wataelekea Nyeri, Meru na Nanyuki. Mwenye gari la petroli atatazama tairi, atajaza tangi, ataondoka. Wewe mwenye gari la umeme utakuwa umeketi sebuleni na simu mkononi, na shemeji yako atakuuliza mbele ya watu: "Na hilo lako, litafika kweli?"

Shemeji hajakosea kuuliza, ila swali lenyewe ni la gari la petroli. Petroli hukutwa njiani kila baada ya kilomita chache, kwa hiyo unachohitaji kujua ni unakwenda wapi tu. Gari la umeme, kwa hali ya Kenya ya leo, unaanza kwa kuuliza litalala wapi. Likilala mahali penye soketi nzuri, asubuhi unaamka na safari. Likilala mahali pabaya, hata kama ulipita chaja za kasi njiani, unaamka na wasiwasi. Chaja za kasi nazipenda, ninyi pia mnazipenda, lakini ukiitegemea moja peke yake katikati ya safari umejiweka mikononi mwa mashine ambayo hujui jana ilikuwa na hali gani.

Mimi ni fundi wa stima, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na hesabu.

Uniti moja unayoinunua kwa tokeni ndiyo kilowati-saa moja, na betri ya gari hupimwa kwa hizo hizo. Wengi wenu humu mna Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani. Ziko za uniti 24, za 30, za 40 na za 62. Chukua ya 40, ambayo ilipokuwa mpya vipimo vya Marekani vilisema ingeenda kama kilomita 240. Yako si mpya. Tuseme betri imebaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Hiyo utaijua kwa vile vijistari kumi na viwili vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji, au vizuri zaidi kwa programu ya LeafSpy na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Hapo una uniti 32. Ukiendesha kwa utulivu gari hula kama uniti 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo una kilomita 200. Weka akiba ya asilimia 15 ambayo huigusi. Unabaki na 170.

Kilomita 170 kutoka hapa ni Nakuru, na kaakiba kadogo juu yake. Kwa barabara ya Mombasa ni maeneo ya Makindu. Huo ndio ukweli wa gari lako, na ni heri uusikie leo ukumbini kuliko kuusikia pale Kiboko jua likiwa utosini.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna muuza magari atakayekwambia, nalo ni milima. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Gari lenye watu wanne na mizigo ya Krismasi lina uzito wa kama tani mbili. Kulipandisha gari hilo mita 100 kwenda juu kunakula nusu uniti na ushei, nje ya ile linayokula kwa kutembea tu. Piga hesabu: kutoka Mombasa hadi Nairobi ni uniti 9 hivi za kupanda peke yake, yaani zaidi ya kilomita 50 ambazo hazimo kwenye ramani. Ndiyo maana mtu hushuka pwani akisifu gari lake, halafu akirudi analitukana. Gari ni lile lile. Kipande cha Mtito Andei hadi Nairobi ramani inasema kilomita 230 na kitu, lakini Mtito iko chini yetu kwa karibu mita elfu moja, kwa hiyo betri inakihesabu kama kilomita 270. Safari ya kurudi ipangie vituo vyake yenyewe. Usigeuze tu karatasi ya kwenda.

Upande wa magharibi ni mchezo wa kupanda na kushuka. Unapanda Limuru, unateremka Mai Mahiu zaidi ya mita 500, na hapo mota inageuka kuwa jenereta na kuirudishia betri chaji. Raha tupu, mradi betri ina nafasi. Ninyi mnaoishi Limuru na Tigoni, msijaze hadi 100 usiku wa kuamkia safari ya Naivasha: betri iliyojaa haipokei kitu, na mteremko wote utaushuka kwa breki za kawaida kama lori. Jazeni hadi 85 hivi, mteremko utawaongezea kidogo. Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret unaukwea mlima hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Hapo usitazame ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi, maana inakisia kwa mwendo uliotoka kuutembea, haijui kilicho mbele. Tazama asilimia.

Mwendo nao. Sheria inakuruhusu 110 kwenye barabara ya njia mbilimbili na 100 kwenye ya kawaida. Lakini ukitoka 80 kwenda 110, upepo unaokukinza unakaribia kuwa mara mbili, na upepo ndio mlaji mkubwa wa betri kwenye barabara kuu. Matrela ya barabara ya Mombasa yanaenda 80. Fuata trela moja kwa umbali wa heshima, acha watu wa Prado wakupite. Utafika nyuma yao, lakini utafika bila kusimama.

Haya, tuje kwenye kuchaji kwenyewe.

Kitu cha kwanza ni mdomo wa gari. Leaf ya Japani ina midomo miwili: mdogo wa kuchaji polepole, unaoitwa Type 1, na mkubwa wa chaja ya kasi, CHAdeMO. Chaja nyingi za polepole zinazowekwa mjini zina Type 2, ile ya Ulaya, kwa hiyo unahitaji kebo au adapta ya kutoka Type 2 kwenda Type 1. Hiyo kaa nayo kwenye buti kama unavyokaa na jeki. Kwa chaja za kasi dunia inahamia mdomo wa aina nyingine, CCS, na sisi tunafuata ile ya CCS2. Baadhi ya magari ya Kichina huja na GB/T ya kwao, mengine yaliyotengenezwa kwa soko la nje huja na CCS2. Kabla hujamlipa mtu pesa, fungua kifuniko cha chaji utazame kwa macho yako. Mtu anaweza kununua gari zuri lenye mdomo ambao hakuna anayeulisha kati ya hapa na Voi.

Kitu cha pili kinawachanganya wengi. Unafika kwenye maegesho ya jumba la maduka, chaja imeandikwa kilowati 22, unafurahi, unaenda kunywa chai, unarudi baada ya saa moja unakuta zimeingia uniti tatu. Unamgombeza askari wa maegesho. Askari hana kosa, wala chaja. Kwenye kuchaji kwa polepole kazi ya kugeuza umeme inafanywa na kifaa kilicho ndani ya gari lako, na Leaf nyingi za Japani zina cha kilowati 3, chache zina cha 6. Ni kama kumimina debe kwenye chupa ya soda: shingo ndiyo inayoamua. Chaja ya kasi, ile ya DC, ndiyo inayoruka hicho kifaa na kuingiza umeme moja kwa moja kwenye betri. Yenye kilowati 50 itakutoa asilimia 20 hadi 80 kwa dakika arubaini na kidogo. Ikifika 80 ng'oa uondoke. Kutoka hapo kwenda 100 inajikongoja, na nyuma yako kuna mtu anasubiri na watoto wanalia.

Na wenye Leaf, kumbukeni betri yenu haina maji ya kuipoza. Ukiichaji kwa kasi mchana wa Voi baada ya kuikimbiza lami ya moto, halafu ukairudia tena Mariakani, itapanda joto na chaja ya pili itaingia kwa unyonge. Mashine inajilinda. Ondokeni alfajiri.

Sasa soketi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo moto unapoanzia, na nasema moto wa kuunguza nyumba.

Soketi yetu ya pini tatu ni ya ampia 13 kwa volti 240. Kwa kupiga pasi dakika kumi, sawa. Kwa kuchaji gari usiku kucha, usivute zaidi ya ampia 10, yaani kilowati 2.4 hivi. Kwa saa kumi utakuwa umeingiza uniti kama 21 baada ya kilichopotea njiani, na hizo ni kilomita 130. Si haba! Ndiyo maana nasema mahali pa kulala ndipo kituo chako kikubwa.

Tatizo ni kebo. Gari linakuja kutoka Japani na kebo yake, ambayo ni ya volti 200 na ampia 15, na plagi ya Kijapani isiyoingia popote hapa. Fundi wa mtaani anaikata, anafunga plagi ya pini tatu ya shilingi mia moja hamsini, anakwambia "iko sawa, boss". Haiko sawa. Ile kebo inaliruhusu gari livute karibu ampia 15 kupitia plagi ya 13, saa nane, saa tisa mfululizo. Itazameni plagi kama hiyo baada ya wiki chache: pini ya laivu, ile inayoleta umeme, imekuwa kahawia, plastiki imevimba pembeni, fyuzi imeshikana na kishikio chake. Ukutani hali ni mbaya zaidi, ila ukuta hauonekani ndani. Kama kebo yako ni ya namna hiyo, ya safari nunua nyingine, ile inayokuruhusu kuchagua ampia 8, 10 au 13, na chagua 10. Au 8, kama nyumba ni ya zamani.

Cha pili cha kubeba ni kipima soketi, kile kidogo chenye taa tatu. Luthuli Avenue kimejaa. Unakichomeka, taa zinakwambia kama laivu na nyutro, yaani waya wa kuurudisha umeme, zimekaa mahali pake na kama arthi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, ipo. Nyumba nyingi za mashambani zina tundu la arthi lisilokwenda kokote. Waya umeishia kwenye boksi la ukuta, au ule msumari wa nje uling'olewa zamani ng'ombe alipoukwaa. Kebo nzuri ikikosa arthi itawasha taa nyekundu na kukataa. Mtu asikushauri "kuidanganya" kwa kuunganisha arthi na nyutro. Siku nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, bodi ya gari lote inakuwa laivu, na mtoto ndiye wa kwanza kuligusa.

Ekstensheni, kama hapana budi, iwe ya waya mnene wa milimita mbili u nusu, na uifungue yote chini. Ile ya kuzungusha kwenye roda, ukichaji ikiwa imeviringishwa, inajipika yenyewe.

Kuna mzee hapa aliniuliza tulipokuwa nje kama hawezi kubeba jenereta ndogo kwenye buti. Mzee, unaweza, lakini itakunywea lita moja au zaidi kwa saa ili ikupe uniti mbili, na nyingi za namna hiyo nyutro yake haikufungwa na arthi, kwa hiyo kebo itaikataa. Ukifanya hivyo umenunua gari la petroli kwa kuzunguka nyuma ya nyumba.

Basi tuseme unajua gari lako na una kebo. Mahali utapataje? Sitawasomea orodha ya vituo, maana orodha ya aina hiyo huzeeka kabla wino haujakauka. Nitawaonyesha pa kutazama. PlugShare ni programu ya simu inayojazwa na madereva wenyewe. Usiridhike na alama kwenye ramani, fungua usome dereva wa mwisho alichaji lini na alisema nini. Chaja ambayo hakuna aliyeitaja kwa miezi minane ihesabu kuwa haipo. A Better Routeplanner inapanga safari na inajua milima. Ipe aina ya gari, uchakavu wa betri, na uzito. Halafu, baada ya programu zote hizo, piga simu. Ongea na mtu aliye pale pale, askari wa lango au mhudumu wa kituo cha mafuta, muulize kama taa ya mashine inawaka. Askari wa lango anajua kuliko mtandao wowote.

Hoteli nayo ina namna yake ya kuulizwa. Ukipiga simu ukauliza, "Mna chaja?" utajibiwa, "Tunazo, za aina zote." Ni za simu. Uliza hivi: kuna soketi ya pini tatu karibu na maegesho, ukuta upi? Gari linaweza kusimama mita tano kutoka hapo? Usiku soketi hiyo huzimwa? Nani ana ufunguo wa chumba cha swichi? Na kama ni kambi ya mbugani, uliza jenereta inazimwa saa ngapi, maana kambi nyingi za Tsavo hutumia sola na jenereta, na saa nne usiku kimya kinatanda pamoja na chaji yako. Halafu jitolee kulipa kabla hujaombwa, kwa hesabu. Mwambie meneja: nitavuta uniti 20 hivi, nakulipa uniti 25. Akiona unajua unachosema, safari ijayo atakuwekea soketi yako mwenyewe.

Nyumbani kwa jamaa ndiko nisikokuwa na uhakika kama mtanipenda nikisema. Unafika kwa shangazi Siaya, unasalimia, unakula, usiku unachomeka gari. Shangazi hutumia uniti 20 kwa mwezi mzima: taa, redio, kuchaji simu, kifriji kidogo pengine. Wewe unavuta 20 kwa usiku mmoja. Kwanza tokeni zake zinakwisha saa tisa usiku na asubuhi hakuna chai ya stima. Pili, na hili wengi hawalijui, anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi yuko kwenye bei ya chini kabisa, iliyowekewa wananchi wa kipato kidogo. Matumizi yake yakipanda kwa sababu yako, anapandishwa daraja, na wewe ukisharudi Nairobi yeye ananunua tokeni zake kwa bei ya juu. Kwa hiyo chukua namba ya mita yake kabla hujaondoka Nairobi, mnunulie tokeni kwa M-Pesa, paybill 888880, nyingi kuliko utakazotumia, na umwambie waziwazi ni za nini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako wewe ni tokeni. Na kama mji una transfoma moja inayohema, usichomeke saa moja jioni wakati kijiji kizima kimewasha taa. Ngoja saa nne.

Turudi barabarani tuone hesabu ikifanya kazi. Leaf ya uniti 40 kama tuliyoipima, kwenda Mombasa. Bila chaja ya kasi hata moja, utalala Makindu au Kibwezi, kesho yake utafika Voi, na siku ya tatu utaona bahari. Ukipata chaja ya kasi inayofanya kazi mahali fulani kati ya Emali na Mtito, na nyingine Voi, inakuwa siku moja ndefu. Mimi ningeipanga iwe ya siku mbili kwa makusudi, chaja ya kasi ikipatikana niichukue kama zawadi. Makindu hakujaanza leo kupokea wasafiri; ulizeni wanaosimama kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo limekuwa likiwalisha wapita njia tangu siku za reli ya zamani. Gari la uniti 60, kwa mfano BYD Atto 3, hilo linafika Mtito bila jasho, na dereva mtulivu atalishusha mpaka Voi. Huyo mahitaji yake ni kituo kimoja tu.

Na mwenye Leaf ya uniti 24? Ndugu yangu, kata tiketi ya SGR. Simaanishi kukudharau. Gari lako ni la mjini, na mjini linawashinda wote kwa gharama. Liache nyumbani limechajiwa nusu, kwa sababu betri haipendi kukaa wiki mbili ikiwa imejaa pomoni, wala ikiwa tupu, panda treni, na ukifika Miritini chukua tuktuk au teksi kama watu wengine.

Kuna mambo mawili kwa walio na uwezo wa kubadilisha hali hii, na nimeambiwa wenye hoteli wako humu.

Ulaya wameandika sheria kwamba kwenye barabara zao kuu kuwe na chaja ya kasi kila kilomita 60. Marekani, kwa fedha za sheria ya miundombinu ya 2021, wakasema kila maili 50, yaani 80. Chukua kipimo cha Ulaya ukilaze juu ya barabara yetu ya Mombasa yenye kilomita 480 na kitu: vituo vinane. Vinane tu! Emali, Makindu, Mtito, Voi, Mackinnon Road, Mariakani, kote huko stima imepita, na watu husimama hata bila sababu. EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ilipotoa bei mpya za stima mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 za msingi kwa uniti, na usiku shilingi 8, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo inahitaji mita yake peke yake. Mwenye hoteli, unaweza kuiomba. Na huhitaji kuanza na mashine ya mamilioni. Anza na soketi mbili za ampia 32, zile za buluu za viwandani, zikiwa na breka zake na arthi iliyopimwa, ukutani karibu na maegesho. Mgeni wako atalala kwako, atakula kwako mara mbili, na atakutaja kwa wenzake. Stima yenyewe ya usiku inatoka kwa sehemu kubwa kwenye mvuke wa Olkaria, ambao haulali, na saa hizo nchi nzima imelala.

Jambo la pili ni dharura. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani. Ukiwa safarini siku kama hiyo, ile akiba ya asilimia 15 ndiyo inayokufikisha penye watu. Na kama chaji itakuishia kabisa, msikubali gari lifungwe kamba nyuma ya pikapu likokotwe. Leaf husukumwa na magurudumu ya mbele. Yakizunguka kwa kukokotwa, mota inazalisha umeme usio na pa kwenda, na ukarabati wake utakuuma kuliko bei ya tairi nne. Agiza lori la kulibebea, gari lote liwe juu, au angalau magurudumu ya mbele yasiguse lami. Hifadhini namba ya mwenye lori kama hilo kwenye simu leo, kabla ya kuihitaji.

Nimemaliza upande wangu. Pale mezani nimeweka kebo mbili, moja nzuri na moja iliyokatwa plagi kama nilivyowaeleza, pamoja na vipima soketi. Aliyekuja na kebo yake ya Japani ndani ya buti aende aichukue, tuifungue plagi hapa hapa tuone ndani kuna nini, na wengine waanze maswali. Mama aliyenyoosha mkono tangu tulipokuwa Limuru, karibu.